Tarishi, Shahada na Alama: Historia ya Kuingia Wall Street bila Matokeo Mazuri

Benki ya uwekezaji kwa asili haipokei akiba ya mtu wala haina dirisha la kutolea fedha. Kazi yake ni kuzitafutia mtaji kampuni na serikali: huandaa hisa na hati fungani, huziuza kwa wenye fedha, na hushauri kampuni zinaponunuana au kuungana. Ujira wake ni asilimia ndogo ya fedha nyingi mno, na ndiyo maana kijana wa miaka 22 anayeajiriwa nayo New York au London hulipwa zaidi kuliko karibu wote aliohitimu nao. Waombaji ni wengi, nafasi ni chache, na kwa miongo kadhaa sasa mchujo wa kwanza umefanywa kwa namba moja iliyoandikwa kwenye wasifu: wastani wa alama za chuo kikuu, yaani GPA.

Marekani namba hiyo huishia 4.0, na benki kubwa aghalabu huchora mstari kwenye 3.5. Aliyesoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam asichanganye vipimo: huko wastani huishia 5.0, na 3.5 ndipo linapoanzia daraja la pili la juu. Kwa kipimo cha Marekani, 3.5 ni mwanafunzi aliyepata A katika nusu ya masomo yake na B katika nusu iliyobaki. Mwenye 3.2 si mzembe kwa hesabu yoyote ile, lakini katika biashara hii huitwa mtu wa alama za chini, na aliyeshuka chini ya 3.0 huonywa mapema kwamba ombi lake huenda lisifunguliwe kabisa.

Mstari huo una umri mdogo. Biashara yenyewe ina zaidi ya miaka 150 mjini New York, na kwa sehemu kubwa ya muda huo hakuna aliyeuliza alama za mtu. Baadhi ya waliozikuza benki hizo hadi zikajulikana dunia nzima wasingevuka mchujo wa leo. Mchujo ulikuwapo siku zote, ila kilichokuwa kikichujwa kilibadilika, na njia za pembeni zilibadilika pamoja nacho.

Hapo mwanzo mlango ulikuwa ukoo. Marcus Goldman aliondoka Bavaria akafika Marekani mwaka 1848, akaanza maisha kwa uchuuzi. Mwaka 1869 alifungua ofisi ndogo kusini mwa Manhattan. Aliwazungukia wafanyabiashara wa ngozi na wa vito, akanunua hati zao za deni kwa bei pungufu, akazihifadhi ndani ya kofia yake, kisha akazipeleka kwenye mabenki na kuziuza kwa faida kidogo. Mwaka 1882 mkwewe, Samuel Sachs, alijiunga naye, na kwa miongo iliyofuata wabia wa Goldman Sachs walitoka katika familia hizo mbili zilizooleana. Kampuni ya Kuhn, Loeb nayo ilikuwa hivyo hivyo: Jacob Schiff alimwoa Therese, binti wa Solomon Loeb, mwaka 1875, na ni yeye aliyeikuza kampuni hiyo hadi ikaweza kushindana na J. P. Morgan. Kwa Morgan wenyewe, Junius alimwachia Pierpont, Pierpont akamwachia mwanawe Jack.

Upendeleo wa damu ulikuwa na sababu ya kibiashara. Kampuni hizo ziliendeshwa kwa ubia ambao ndani yake kila mbia aliwajibika kwa madeni ya kampuni kwa mali yake yote, hadi nyumba aliyolala. Kosa la mmoja liliweza kuwafilisi wote. Mtu wa kukabidhiwa dhamana hiyo alikuwa yule ambaye tabia yake inajulikana tangu utotoni, na hakuna cheti cha shule kilichoweza kushindana na ujuzi wa namna hiyo. Dini na asili vilichuja pia. Kampuni za Wayahudi waliotoka Ujerumani zilisimama upande mmoja, za Waprotestanti wenye koo kongwe za Boston na New York upande wa pili, na kijana hakuvuka kutoka upande huu kwenda ule. Mtu mweusi na mwanamke hawakuwa na pa kuingilia popote.

Katika zama hizo alama za chini hazikumzuia mtoto wa tajiri. Katika vyuo vya Harvard, Yale na Princeton vijana wa koo kubwa waliridhika na C, na alama hiyo ilipata hata sifa ya kuwa alama ya muungwana: aliyeipata alionyesha kwamba hakuhangaika na vitabu kama mtu anayetafuta riziki. Kazi yake katika kampuni ya baba au ya rafiki wa baba ilikuwa ikimngoja. Ni vizuri jambo hilo likumbukwe kila inaposemwa kwamba benki zimekuwa zikichukua wasomi bora tangu zamani.

Chini ya wabia palikuwa na tabaka jingine kabisa: makarani, watunza hesabu, matarishi. Hisa na hati fungani zilikuwa karatasi halisi, na kila zilipouzwa ilibidi mtu azibebe kwa mkono kutoka ofisi hadi ofisi. Kazi hiyo ilifanywa na wavulana wa Brooklyn na wa mitaa ya maskini ya Manhattan, ambao wengi wao waliacha shule mapema. Mara chache sana mmoja wao alipanda ghorofani akabaki huko.

Aliyepanda kuliko wote ni Sidney Weinberg. Alizaliwa Brooklyn mwaka 1891 katika familia ya watoto kumi na mmoja, baba yake akiwa mfanyabiashara wa pombe, na aliacha shule kabla ya kufika sekondari. Mwaka 1907 aliingia katika jengo refu la 43 Exchange Place, akapanda hadi ghorofa ya juu kabisa na kuanza kushuka, akibisha kila ofisi na kuuliza kama wanahitaji kijana wa kazi. Hadi jioni alikuwa amefika ghorofa ya pili, kwa Goldman Sachs. Walimchukua awe msaidizi wa mfagiaji kwa dola chache kwa wiki, akipiga mswaki kofia za mabwana na kusafisha vyombo vya kutemea mate.

Siku moja alitumwa kupeleka mlingoti wa bendera nyumbani kwa Paul Sachs, mmoja wa wana wa ukoo. Alisafiri nao ndani ya tramu. Sachs alifungua mlango mwenyewe, akavutiwa na kijana huyo, na tangu hapo akamtazama kwa jicho jingine. Alimhamishia chumba cha barua, na Weinberg alikipanga upya vizuri hata Sachs akamlipia masomo katika chuo cha biashara cha Brooklyn, ajifunze mwandiko na hesabu. Mwaka 1927 Weinberg alifanywa mbia, mmoja wa watu wa kwanza wasio wa ukoo kufikia hapo. Mwaka 1930, baada ya anguko la soko la hisa kuisogeza kampuni ukingoni mwa shimo, alikabidhiwa uongozi, akaushika hadi alipofariki mwaka 1969. Mwaka 1956 alisimamia uuzaji wa hisa za Ford kwa umma: hisa milioni 10.2 kwa dola 64.50 kila moja, mauzo makubwa kuliko yote yaliyowahi kufanyika hadi siku hiyo.

Hadithi ya Weinberg imesimuliwa mara nyingi kama ushahidi kwamba bidii hushinda yote. Ukiitazama kwa makini inasema jambo jingine. Kilichomwinua ni kuonekana. Alifanya kazi mahali ambapo mbia na tarishi walipishana ngazini kila siku, na mwenye mamlaka aliweza kumtathmini kwa macho yake mwenyewe kwa miaka kabla ya kumpa kazi ya maana. Chumba cha barua kilikuwa, bila mtu yeyote kukipangia hivyo, usaili mrefu kuliko wote.

Shule ilianza kuingia taratibu. Chuo cha Wharton, Philadelphia, kilianzishwa mwaka 1881, na shule ya biashara ya Harvard mwaka 1908, lakini kwa muda mrefu Wall Street, yaani biashara ya benki za New York, haikuona sababu ya kuvijali. Sheria ndizo zilizobadilisha mambo. Baada ya anguko la mwaka 1929, Bunge la Marekani lilipitisha mwaka 1933 sheria ya kuzilazimu kampuni zinazouza hisa kueleza hali yao ya fedha kwa kina, na nyingine iliyotenganisha benki za akiba na benki za uwekezaji. Morgan iligawanyika, na mwaka 1935 ikazaliwa Morgan Stanley. Kazi iliyokuwa ya kujuana na kuaminiana ikawa pia kazi ya kusoma mizania, kuandika nyaraka ndefu na kujibu maswali ya serikali, na anayeiweza akawa na thamani hata kama hana jamaa ndani.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wahitimu wa shule za biashara walianza kuingia, mwanzoni mmoja mmoja. John Whitehead alitoka Harvard akaingia Goldman Sachs mwaka 1947. Miaka mitatu baadaye aliingia John Weinberg, mtoto wa Sidney, akiwa amesoma Princeton na kisha Harvard. Wawili hao waliongoza kampuni pamoja kuanzia mwaka 1976. Baba aliishia shule ya msingi, mtoto akapitia vyuo viwili vya kifahari kabla ya kuingia ofisi ile ile. Ndani ya kizazi kimoja mlango ulikuwa umeanza kuhama. Ulihama polepole, kwani kati ya Sidney na wawili hao aliongoza Gus Levy wa New Orleans, aliyeacha Chuo Kikuu cha Tulane baada ya muda mfupi tu.

Miaka ya 1950 na 1960 njia zote mbili zilikuwa wazi kwa wakati mmoja, na kipindi hicho ndicho chenye visa vingi zaidi vya watu walioingia bila karatasi nzuri. Alan Greenberg, mtoto wa muuza nguo wa Oklahoma, alifika New York mwaka 1949 na shahada ya Chuo Kikuu cha Missouri, chuo ambacho kampuni kubwa hazikukitazama, na alikuwa Myahudi, jambo lililomfungia milango mingine. Benki ya Bear Stearns ilimchukua kama karani. Mwaka 1978 ndiye aliyekuwa akiiongoza, na aliifanya historia yake kuwa sera ya ajira. Alitangaza wazi kwamba shahada za uzamili za biashara hazimshtui. Alichotaka ni watu maskini, wenye akili na wenye hamu kubwa ya kutajirika. Jimmy Cayne, aliyemrithi, aliacha Chuo Kikuu cha Purdue bila kumaliza, akauza vyuma chakavu, akahamia New York kwa ajili ya mchezo wa karata wa briji. Briji ndiyo iliyomkutanisha na Greenberg, naye mchezaji hodari.

Sera hiyo ilizaa watu wakali wa soko. Isisahaulike pia kwamba Bear Stearns ilianguka Machi 2008 na kuuzwa kwa JPMorgan kwa bei ya kutupa, Cayne akiwa mwenyekiti wake. Lehman Brothers, iliyofilisika Septemba mwaka huo huo, ilijaa wahitimu wa vyuo vya kifahari. Vyeti vizuri havikuiokoa benki.

Kwa mwanamke hesabu ilikuwa tofauti. Muriel Siebert aliacha chuo huko Cleveland bila shahada, akafika New York mwaka 1954 akiwa na dola 500 na gari kuukuu. Kampuni moja ilimuuliza kama ana shahada. Alijibu kweli, ikamkatalia. Kampuni iliyofuata aliidanganya kwamba anayo, ikampa kazi ya kujifunza utafiti kwa dola 65 kwa wiki. Baadaye alipotuma wasifu uliobeba herufi za mwanzo za majina yake badala ya jina la kike, majibu yalianza kuja. Desemba 1967 alinunua kiti, yaani haki ya kufanya biashara, katika soko la hisa la New York kwa dola 445,000, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo, baada ya wanaume tisa wa kwanza aliowaomba wamdhamini kukataa. Uongo wake ulikuwa wa zama zake. Leo benki huweza kuhakiki matokeo chuoni kwenyewe, na anayeongeza hata nukta moja kwenye wastani wake anaweza kunyang'anywa kazi akiwa ameshaipata.

Kisa cha mwisho kikubwa cha chumba cha barua ni cha Lewis Ranieri. Alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha St. John's mjini New York, akiwa na ndoto ya kuwa mpishi wa Kiitaliano, na pumu ilimzuia kukaa katika moshi wa jikoni. Mwaka 1968 alipata kibarua cha zamu ya usiku katika chumba cha barua cha benki ya Salomon Brothers kwa dola 70 kwa wiki. Aliacha chuo, akapanda kutoka kwenye barua hadi kwenye kumbukumbu, kutoka kwenye kumbukumbu hadi kwenye meza ya mauzo, na kuanzia mwaka 1978 akajenga biashara ya kukusanya mikopo ya nyumba na kuiuza kama hati fungani. Biashara hiyo iligeuza mikopo ya nyumba ya Marekani nzima, kwa heri na kwa shari. Jengo hilo hilo lilimpokea mwaka 1966 Michael Bloomberg, aliyesimulia mwenyewe kwamba alama zake Johns Hopkins zilikuwa za C. Shahada ya uzamili ya Harvard ilizifunika, na hata hivyo Salomon ilimwanzisha chini, kuhesabu hati za hisa kwa mkono ndani ya chumba cha kuhifadhia dhamana.

Ranieri alipanda ngazi iliyokuwa inakaribia kung'olewa. Kati ya mwaka 1965 na 1968 idadi ya hisa zilizouzwa kwa siku New York iliongezeka takriban mara mbili, na makarani wakazama katika karatasi. Katika sehemu ya mwaka 1968 soko lilifungwa kila Jumatano ili ofisi zipate siku ya kupanga kumbukumbu. Kampuni kadhaa zilikufa, biashara ikiwepo tele, kwa kushindwa tu kujua nani anamiliki nini. Suluhisho lilikuja mwaka 1973: hazina moja kuu ya kuhifadhia hati, ambako umiliki hubadilishwa kwenye vitabu na kompyuta bila karatasi kutoka mahali pake. Tarishi hakuhitajika tena. Idara za kumbukumbu na malipo zilihamishiwa majengo mengine, kisha New Jersey, kisha miji ya mbali kabisa, na mbia akaacha kupishana na karani ngazini.

Wakati huo huo benki zilizidi kuhitaji vijana. Tarehe 1 Mei 1975 ada za udalali, zilizokuwa zimepangwa bei moja kwa wote, ziliachwa huru. Zilishuka ghafla, na kampuni zikageukia kazi zenye ujira mnono: kununua na kuunganisha kampuni, kupanga mikopo mikubwa, kubuni dhamana mpya. Kazi hizo zinataka hesabu nyingi zinazofanywa usiku kucha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 benki zilieneza utaratibu wa kuajiri vijana waliotoka shahada ya kwanza kwa mkataba wa miaka miwili, wakiitwa wachambuzi, ambao baadaye waliondoka kwenda kusoma shahada ya uzamili. Katika wahitimu 1,300 wa Yale wa mwaka 1986, asilimia 40 waliomba kazi kwa benki moja tu, First Boston.

Hapo ndipo GPA ilipopata cheo chake. Alama za herufi zilianza kutumika Mount Holyoke, chuo cha wasichana cha Massachusetts, mwaka 1897, na kipimo cha 4.0 kilienea vyuoni katika karne ya 20 kwa matumizi ya ndani: nani apewe tuzo, nani aonywe. Waliokibuni hawakufikiria benki. Lakini ofisa mwenye wasifu mia tano mezani na nafasi kumi anahitaji kitu cha kupunguza rundo kabla ya chakula cha mchana, na namba iliyo tayari, fupi, inayolinganishika kwa jicho, ilimfaa. Mstari wa 3.5 haukutokana na uthibitisho kwamba mwenye 3.4 hawezi kazi. Ulitokana na ukubwa wa rundo.

Kasoro zake zinajulikana hata kwa wanaoutumia. Mwanafunzi wa fizikia mwenye 3.3 amefanya hesabu ngumu kuliko wengi wenye 3.8 katika masomo mepesi. Vyuo navyo havigawi alama kwa mkono mmoja: mwaka 2013 ilibainika kwamba alama ya katikati Harvard ni A pungufu, ilhali Princeton ilikuwa tangu mwaka 2004 ikijaribu kuzuia A zisizidi asilimia 35. Wanafunzi wa Princeton walilalamika kwamba wanaumia wanapoomba kazi, na mwaka 2014 chuo kikaachana na mpango huo. Kisha kuna yule aliyekuwa akifanya kazi za usiku kujilipia ada, na matokeo yake yakashuka kwa sababu hiyo. Namba haisemi habari zake.

Jina la chuo lilibaki na nguvu kuliko alama zenyewe. Karen Ho, mwanaanthropolojia aliyefanya kazi katika benki mojawapo ya Wall Street, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 2009 jinsi benki zilivyoigeuza Princeton na Harvard kuwa ndiyo maana ya akili. Lauren Rivera, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, aliona kwamba wasifu uliotoka chuo kisichokuwa kwenye orodha ya benki mara nyingi haukusomwa kabisa, uwe na alama gani, ila kama mtu wa ndani ameusemea. Ukoo uliotolewa mlangoni ulirudi kupitia chuo, kwa kuwa wanaoingia vyuo hivyo wengi ni watoto wa wenye nacho. Jitihada za kuwafungulia wengine zimekuwapo pia. Shirika la SEO, lililoanzishwa New York mwaka 1963 kuwasaidia wanafunzi weusi na wa jamii nyingine zilizotengwa, lilianza mwaka 1980 kuwapeleka vijana hao katika mafunzo ya kazi Wall Street, na maelfu wamepita humo.

Chumba cha barua kilipokufa, njia ya pembeni iliyobaki ilikuwa ukumbi wa mnada, ambako mikataba ya dhahabu, mafuta, nafaka na fedha iliuzwa kwa kupiga kelele na kuonyeshana vidole. Huko kilichotakiwa ni wepesi wa akili, sauti na moyo mgumu. Gary Cohn, aliyeteseka shuleni kwa sababu ya matatizo ya kusoma, aliuza bidhaa za ujenzi kabla ya kwenda kuchungulia ukumbi wa namna hiyo mjini New York. Alimvizia dalali mmoja aliyekuwa akienda uwanja wa ndege wa LaGuardia, akapanda naye teksi, na njiani akajifanya anaijua biashara ambayo hakuwahi kuifanya. Alipewa usaili, akajifunza kwa kitabu kabla ya siku kufika, akaajiriwa. Mwaka 1990 aliingia Goldman Sachs, na mwaka 2006 akawa rais wake. Lloyd Blankfein, aliyeiongoza pamoja naye, alikuwa mwanasheria wa Harvard aliyekataliwa na Goldman alipoomba mara ya kwanza. Aliingia kupitia J. Aron, kampuni ya biashara ya dhahabu ambayo Goldman iliinunua mwaka 1981.

London ilikuwa na ukumbi wake. Soko la LIFFE, lililofunguliwa mwaka 1982, liliwapokea vijana wa Essex na mashariki ya London wasio na shahada, wakasimama humo na makoti ya rangi kali wakipata fedha nyingi kuliko wasomi wa Oxford. Mageuzi ya soko la hisa ya tarehe 27 Oktoba 1986 yalifungua City, kitovu cha fedha cha London, kwa benki za Marekani, zilizokuja na taratibu zao za ajira. Kwa Waingereza mstari uliwekwa kwenye daraja la pili la juu. Kumbi hizo nazo zilifungwa, kompyuta zikachukua nafasi: LIFFE mwaka 2000, nyingi za Chicago mwaka 2015. Mwaka uliofuata tume ya serikali ya Uingereza iliripoti kwamba katika benki za uwekezaji za London kijana aliweza kuhesabiwa hafai kwa kuvaa viatu vya rangi ya kahawia pamoja na suti, kosa ambalo hakuna kitabu cha chuo kinachofundisha kuliepuka.

Leo rundo limekuwa mlima. Mwaka 2016 Goldman Sachs iliacha usaili wa kwanza wa vyuoni na kuufanya kwa video, ili iwafikie wanafunzi wa vyuo ambavyo haikuwahi kuvitembelea. Waombaji wakafurika: mwaka 2024 waliotaka mafunzo ya kiangazi walizidi 300,000, na waliopata hawakufikia mmoja katika mia. Programu za kompyuta husoma wasifu kabla ya mtu, na mashine haina huruma kwa 3.4.

Kwa hiyo njia zote za mwenye alama za chini zina lengo moja, kukwepa rundo. Ya kwanza ni mtu wa ndani. Mwanafunzi huwaandikia waliosoma chuo chake na sasa wako benki, huomba dakika chache za mazungumzo kuhusu kazi yao, na akifanya hivyo kwa makumi ya watu kwa miezi kadhaa, huenda mmoja akaupeleka wasifu wake mezani kwa mkono. Ni mlingoti wa Weinberg kwa namna nyingine: kuonekana na mwenye mamlaka kabla namba haijaonekana. Wengine huandika wastani wa masomo ya fani yao, kama hesabu na uhasibu, pale unapozidi wastani wa jumla, au huonyesha kwamba matokeo yao yalipanda mwaka hadi mwaka. Yote mawili yanakubalika ilimradi yamesemwa waziwazi.

Ya pili ni kuanzia pembeni. Kampuni ndogo za ushauri zenye watu kumi au ishirini, katika miji isiyo New York, hazina ofisi ya ajira wala mashine ya kuchuja. Mwenye kampuni husoma barua za maombi yeye mwenyewe. Idara za kutathmini kampuni katika mashirika makubwa ya ukaguzi wa hesabu hufundisha kazi inayofanana sana na ya benki. Ya tatu ni kufunika namba ya zamani kwa mpya: shahada ya uzamili ya fedha, mtihani wa GMAT wa kuingilia shule za biashara, ulioanza mwaka 1954, au mitihani ya CFA ya wachambuzi wa fedha, iliyoanza mwaka 1963, ambayo hufanyika hata Nairobi. Uzamili wa biashara katika chuo kikubwa bado ndio unaofuta zaidi, kama ulivyomfutia Bloomberg, lakini ni ghali, na huja baada ya miaka kadhaa ya kazi.

Njia ya pili, ile ya kuanzia pembeni, hutegemea tabia moja ya benki zenyewe. Wachambuzi huchoka na kuondoka katikati ya mwaka, wakienda kwenye mifuko ya uwekezaji inayolipa zaidi, na meza zao hubaki wazi wakati msimu wa kuajiri wahitimu umepita. Kiongozi wa timu anahitaji mtu anayeweza kuanza kazi Jumatatu. Kijana aliyekaa mwaka mmoja au miwili katika kampuni ndogo huitwa wakati huo. Huulizwa ni mauzo gani ya kampuni aliyoshughulikia, hesabu zake alizijengaje, na sehemu ipi aliifanya yeye mwenyewe. Na kadiri miaka ya kazi inavyoongezeka, swali la GPA huulizwa kwa nadra, hadi mstari wake kwenye wasifu unafutwa.